Siku Tuliyoziacha Baiskeli Chumbani

Mke wangu alikata shauri kwamba siku ile hakuna mtu kugusa pedeli. Tutatembea kwa miguu kama watalii wenye akili zao, tuuone mji, na jioni, akasema, atanijibu kama anaendelea na safari au anarudi nyumbani.

"Unijibu nini?" nikamwambia. "Kwani nimekuuliza nini?"

"Hujaniuliza. Ndiyo maana najijibia mwenyewe."

Sasa mwambie mtu mwenye hasira za karibu kama mimi maneno ya namna hiyo kabla hajanywa chai! Nilikuwa nimepiga magoti natafuta soksi chini ya kitanda, nikanyanyuka nikagonga kichwa kwenye pedeli ya baiskeli yangu mwenyewe. Chumba chenyewe kilikuwa kama boksi la viatu: kitanda kimoja, kabati lisilofunga, na baiskeli zetu mbili zimeegemezwa ukutani, hata kwenda bafuni ilibidi upite kiubavuubavu. Mwenye nyumba ya wageni hakutaka baiskeli ndani. Nilimwambia basi sisi tutalala uani na baiskeli zilale kitandani, mzee wa watu akacheka, akatupatia ufunguo.

Nilijua kilichokuwa kinamsumbua mke wangu, au nilidhani najua. Mimi ni fundi wa baiskeli. Watu wote wananiita Fundi, na yeye pia, hata tukiwa wawili tu na taa imezimwa. Fundi akimwona mtu amenuna juu ya baiskeli anawaza siti. Siti ikiwa chini kidogo, goti linauma. Goti likiuma, ndoa nayo inauma. Kwa hiyo alipoingia kuoga nilichukua spana yangu harakaharaka, nikainua siti yake, nikambadilishia raba za breki, nikatia mnyororo mafuta. Alipotoka na taulo kichwani alinikuta nimechuchumaa, vidole vyeusi.

"Fundi, tulisema hakuna kugusa baiskeli."

"Ulisema pedeli. Pedeli sijagusa."

Hakucheka. Siku nyingine angecheka.

Niseme kabisa, safari hii haikuwa yetu. Ilikuwa ya mwanetu. Jina lake la nyumbani lilikuwa Breki, kwa sababu utotoni breki alikuwa hazitaki. Alisimamisha baiskeli kwa soli za viatu, na viatu nilinunua mimi. Yeye ndiye aliyetuingizia kichaa cha kuendesha watatu, baba, mama na mtoto, toka mlangoni kwetu mpaka barabara inapoishia baharini. Mama yake, ambaye ni mshonaji wa sare za shule, alishona mifuko ya turubai ya kufunga nyuma ya siti. Mimi nikaunda baiskeli tatu. Tukawa tunafanya mazoezi alfajiri, mmoja nyuma ya mwenzake: mama mbele, mimi katikati, Breki mkiani. Kwetu mwenye nguvu kuliko wote ndiye anayefunga mkia, maana wa mkiani ndiye anayewaona wenzake wote, na gari likija ndiye anayepiga kelele.

Na alipiga kelele. Asubuhi ya mwisho ya mazoezi alisema "Gari!" kama kawaida yake, sisi tukasogea. Yeye hakuwa na mtu nyuma yake wa kumwambia gari.

Basi. Tulizika, tukakaa na watu, watu wakaondoka, nyumba ikawa kubwa. Siku moja nikamkuta mke wangu ameitoa ile mifuko ya turubai anaipiga pasi. Nikaenda kutia mafuta baiskeli mbili. Tangu tulipotoka nyumbani yeye yuko mbele na mimi niko mkiani, na wala hatukujadiliana. Mkia ni wangu. Nilisema namlinda mke wangu, na Mungu ni shahidi, niliamini namlinda.

Tukatoka kwa miguu. Jamani, mtu aliyekaa juu ya baiskeli wiki baada ya wiki hajui tena kutembea. Miguu ilikuwa migumu, nyayo zinatupwa pembeni kama za bata, na kila nikiona kimteremko nataka kuacha kupiga pedeli. Mke wangu alikuwa amevaa gauni lake la pekee alilobeba, lile la maua, na kandambili. Alipendeza. Nilimwambia kapendeza, akasema asante, akaenda hatua chache, akageuka.

"Fundi, uko wapi?"

"Nipo hapa."

"Nyuma unafanya nini? Njoo hapa kando yangu tutembee kama watu."

Nikaenda kando yake. Tukapita maduka ya vitambaa, akawa anashika huku anasugua kwa kidole gumba, ananieleza hiki kinachuja rangi na hiki kitamkera mtoto shingoni. Nikawa naitikia. Halafu akageuka tena, kumbe alikuwa anamweleza mama mmoja mgeni aliyebeba kikapu cha vitunguu, na mimi niko nyuma, namfuata kisigino chake kama ninavyofuata tairi lake barabarani. Yule mama alicheka mpaka akashusha kikapu.

"Mumeo huyo? Mbona anakufuata kama askari kanzu?"

"Ndivyo alivyo," mke wangu akajibu. Alitabasamu kwa ajili ya yule mama. Kwangu hakubakiza hata kidogo.

Niliona aibu, na nikiona aibu nakasirika. Nikamwambia kama alitaka mtu wa kushikana naye mikono angeniambia kabla sijawa mzee. Akasema hajataka mikono, anataka niwe pale alipo, basi. Nikasema nipo. Akasema, "Haya, bwana," kwa ile sauti ya kukunja kitambaa na kukirudisha kwenye rafu.

Kilichofuata kilikuwa stesheni ya zamani. Treni hazifiki tena, wameifanya makumbusho. Mtunzaji wake, bwana mmoja mwembamba mwenye koti lililompwaya, alifurahi kutuona kama ndugu waliopotea. Alituonyesha kengele, taa za mafuta, saa ya ukutani iliyokufa, kofia ya msimamizi wa stesheni. Alimruhusu mke wangu apige kengele. Alituonyesha behewa la daraja la kwanza, viti vya ngozi vimepasuka, na alitusimulia abiria wake wote utadhani waliteremka jana. Mimi nilichungulia magurudumu na breki zake, nikamuuliza hili na lile, nikasahau kununa kwangu. Kwa kitambo kidogo nilikuwa mtu mwenye furaha, nakiri.

Mwisho wa jukwaa reli zilikuwa zimekatwa. Palikuwa na ukuta mfupi, na nyuma ya ukuta shamba la mtu, mbuzi wanakula. Mke wangu akakaa juu ya ukuta.

"Tukifika mwisho wa barabara," akasema, "utafanya nini?"

"Nitaoga baharini."

"Halafu?"

"Nitajifuta."

"Fundi."

"Tutageuza, si tutageuza? Tutapanda kitu tutarudi."

"Halafu? Asubuhi ya kwanza nyumbani. Umeamka. Unafanya nini?"

Nikatafuta. Niliitafuta ile asubuhi kichwani mwangu kwa uaminifu kabisa, kama ninavyotafuta tundu kwenye mpira, nikiugeuza polepole ndani ya maji. Haikuwepo. Niliona bahari, niliona baiskeli mbili zimelala mchangani, na baada ya hapo hapakuwa na kitu, si kibaya si kizuri. Sikupata hata kikombe cha chai.

"Sijui," nikasema. "Wewe?"

"Mimi nitafungua dirisha la chumba chake. Halafu nitatoa cherehani yangu nje, nikae kivulini nishone. Mwalimu mkuu ameniambia wana darasa jipya." Alikuwa amewaza yote, mpaka upande atakaoweka kiti. "Nakutafutia na wewe pa kukaa pale, Fundi. Kila nikikuweka hukai."

Nilimwonyesha mbuzi mmoja aliyepanda juu ya mwenzake kufikia majani, nikasema huyo anafaa kuendesha baiskeli. Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akashuka ukutani.

Bustani ya mji ilikuwa nzuri, usinifanye niisifu. Nyasi zimekatwa, maji yanaruka kwenye kidimbwi, watu wamekaa wawiliwawili. Mpiga picha alitushika tu mara tulipoingia getini: kofia nyekundu, kamera shingoni, maneno mengi.

"Mzee, mama, ukumbusho! Palepale unaichukua, haina kesho njoo. Simameni hapa maji yaonekane. Mzee sogea. Mzee, mbona unajificha mgongoni kwa mama? Toka mbele tukuone ulivyo kijana!"

Nikatoka. Akatupanga, akanishika bega, akamwinua mke wangu kidevu. Ili tutabasamu akawa anachombeza.

"Mna watoto wangapi?"

"Hatuna," nikasema.

"Mmoja," mke wangu akasema.

Tulisema pamoja. Mpiga picha akashusha kamera. Maskini, hakujua ashike neno la nani. Mke wangu hakugeuza uso, aliendelea kutazama palepale alipopangwa.

"Mmoja," akarudia. "Wa kiume."

"Piga picha, ndugu yangu," nikafoka, "hujaja kutuhesabu hapa!"

Akapiga. Picha ikatoka kwenye kimashine chake ikiwa bado ya moto. Mke wangu aliitazama muda mrefu kisha akaitia kwenye mkoba bila kunionyesha, na sikuomba kuiona. Tulitoka bustanini. Nilitaka kumwambia kwamba sikumkana mwanetu. Nilitaka kumwambia kwamba nikisema "mmoja" watu huuliza yuko darasa la ngapi, anafanya kazi wapi, kaoa, na kila jibu ni jiwe jipya. Maneno yote nilikuwa nayo. Nikajikuta nayahesabu nyuma yake, namfuata tena, yeye na gauni lake la maua, mpaka tukafika barabara kubwa.

Pale tulisimama kungoja kuvuka. Yeye kulia, mimi kushoto kwake, kwa mara ya kwanza siku ile bega kwa bega. Gari lilikuwa linakuja, pikapu nyeupe, imebeba mabomba ya plastiki yamefungwa kitambaa chekundu kwenye ncha. Nikashuka barabarani.

Sikukimbia. Sikuruka. Nilishuka tu kama mtu anavyoshuka ngazi. Nilisikia honi, nikasikia breki zikilia, na mkono wa mke wangu ulinikamata ukosi nikarudi nyuma nikaanguka chali kwenye vumbi. Pikapu ilikuwa imesimama kiupandeupande. Dereva alitoa kichwa dirishani, rangi imemtoka, alinitukana matusi ambayo nilistahili, kisha akaondoka zake taratibu.

Watu walijaa. Mmoja akaniokotea kofia. "Mzee hakuona," wakawa wanasema. "Jua hili. Mpeni maji." Nikanyanyuka, nikajipangusa suruali, nikawaambia nimezoea kupita na baiskeli, kwa miguu bado najifunza. Wakacheka kwa kushusha pumzi, wakatawanyika. Mke wangu hakucheka. Alinishika mkono akanivuta mpaka kwenye ngazi za duka lililofungwa, akanikalisha kama mtoto.

"Uliliona lile gari?" akauliza.

"Gari gani?"

"Usinitanie, baba Breki. Uliliona?"

Hakuwa ameniita hivyo tangu mazishi. Nikakaa na lile jina, na uongo niliokuwa nimeuandaa ukaniishia mdomoni.

"Nililiona," nikasema.

Na kweli nililiona. Nililiona tangu mbali, niliona mabomba, niliona kitambaa chekundu, niliona mpaka namna dereva alivyoshika usukani kwa mkono mmoja. Niliona yote na nikashuka. Mimi mwenyewe nilikuwa naisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Mke wangu aliinamisha kichwa akakiegemeza magotini.

"Nilidhani ni baiskeli," akasema. "Nikasema nimshushe kwenye baiskeli siku moja. Nimtembeze kwa miguu, mchana kutwa, nione. Kama ni baiskeli basi tutaziuza hapahapa turudi, yaishe. Leo huna baiskeli, Fundi."

"Nilipitiwa."

"Nina kioo kwenye hendeli. Uliniwekea mwenyewe. Kila siku nakutazama humo. Lori likija nyuma yako, mimi nasogea pembeni, na wewe unaingia katikati. Kidogokidogo, unadhani sioni. Mara ya kwanza nikasema amesinzia. Nikasema jua. Nikasema upepo umemsukuma. Upepo gani huo unaovuma lori likija tu?" Alikuwa anaongea polepole, bila kulia, na hilo lilinitisha kuliko kilio. "Watu wananipigia simu wananiuliza, eti safari ni nzuri? Mmeona nini? Sijaona kitu. Kuna milima tumepita, sikuiona. Kuna daraja lile ulilokuwa unalisifu wiki nzima, sikuliona. Naona kioo. Natazama kama bado upo."

"Nakulinda," nikasema. "Nakaa nyuma ili likija linipate mimi, lisikupate wewe."

"Likikupata wewe, nani atageuka? Nani atashuka kwenye baiskeli akukimbilie? Mimi nilimshika mwanetu kichwa, Fundi. Wewe ulikuwa unakimbizana na gari. Mimi ndiye niliyekaa chini nikamshika. Unataka nikae tena?"

Nilitaka kulia nikashindwa, nilitaka kugomba nikakosa wa kugomba naye. Mbele yetu watu walikuwa wanavuka barabara, wanatazama kulia, wanatazama kushoto, wanakimbia kidogo, hata vikongwe. Niliwaangalia kama mtu anayeangalia wanaojua kuogelea.

"Nitakuuliza kitu kimoja," akasema, "na ukinijibu, kesho asubuhi tunapanda baiskeli, nakaa nawe mpaka baharini, na nyumbani, na popote. Sitaki uape. Sitaki uahidi. Sema tu: nataka kuishi. Basi. Maneno mawili."

Ni maneno mepesi. Mtoto anaweza kuyasema. Niliyatafuta, nikayaona, nikayaweka ulimini. Mke wangu alikuwa amenigeukia mzimamzima, mikono yake ile ya sindano na uzi imeshika mikono yangu yenye grisi, na macho yake yanasubiri kinywa changu. Nikafungua kinywa.

"Nikifa mimi," nikasema, "nani atakutilia upepo?"

Akacheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimponyoka, kile cha puani kilichonifanya nimwoe, na kwa sekunde moja nilidhani nimeokoka. Halafu akajifuta macho kwa kiganja, akaiachia mikono yangu mmoja baada ya mwingine.

"Haya," akasema. "Ndiyo jioni yenyewe imefika mapema."

Ofisi ya mabasi ilikuwa mtaa wa pili. Mkata tiketi, msichana anayetafuna chingamu, alisema lipo la kwenda upande wa kwetu, linaondoka kabla jua halijazama, baiskeli inapakiwa chini lakini iwe imefunguliwa. "Mna fundi?" akauliza. Mke wangu akamwambia anaye.

Kwa hiyo nilifanya kazi yangu. Nilikaa sakafuni katika chumba kile, nikafungua pedeli za baiskeli yake, ya kulia kwa kuzungusha huku, ya kushoto kwa kuzungusha kule. Nikatoa gurudumu la mbele. Nikaizamisha ile siti niliyoinua asubuhi. Nikalaza hendeli, nikaifunga yote kwa kamba na blanketi kuukuu alilotupatia mwenye nyumba, na sijawahi kufunga baiskeli vizuri vile maishani mwangu. Mke wangu alikuwa anakunja nguo kitandani. Alinigawia sabuni, akaikata katikati kwa uzi. Aliniachia sufuria na dawa ya kuumwa na mbu. Tulikuwa na adabu kama watu waliokutana kwenye treni.

"Njoo nami," akasema bila kunitazama. "Panda basi. Sitakuuliza tena kitu."

"Nimalizie. Ilikuwa ya mtoto."

"Mtoto alitaka kufika, Fundi. Wewe unataka kwenda."

Tuliibeba mpaka stendi, yeye upande mmoja mimi upande mmoja. Utingo akaisukuma ndani ya buti juu ya magunia, nikamkaripia aiweke mnyororo juu, akaniambia mzee tulia. Abiria walikuwa wanapanda. Mke wangu alisimama kwenye ngazi ya mlango, ananizidi kimo, mkoba begani.

"Bado unaweza kusema," akaniambia kwa sauti ya chini, maana watu walikuwepo. "Hata hapa. Hata ukisema kwa kunidanganya, nitateremka."

Nilimpenda. Nilimpenda mke wangu pale kuliko siku ya harusi, na nilijua akipanda ndiyo basi. Nilifikiri: nikimdanganya nitamrudisha kwenye kile kioo. Nilifikiri hivyo, au nilifikiri baadaye kwamba nilifikiri hivyo. Nilichosema kilikuwa, "Funga dirisha, usiku kutakuwa na baridi."

Akaitika kwa kichwa, akaingia. Basi lilirudi kinyumenyume, likapiga kona, likaniachia vumbi. Nilisimama pale nikipunga mkono kwa madirisha yote kwa sababu sikujua la kwake ni lipi.

Asubuhi niliondoka peke yangu. Mwenye nyumba alinishikia lango, akatazama nyuma yangu. Barabara ilitoka mjini ikinyooka, lami nyembamba, majani marefu pande zote mbili. Hakuna tairi la kufuata. Hakuna mifuko ya turubai mbele ya macho yangu. Sikujua nikae wapi, kushoto au katikati, nikawa nayumba kama anayejifunza.

Lori nililisikia kabla halijafika. Nilijua sauti hiyo, injini kubwa, mzigo mzito, dereva mwenye haraka. Likapiga honi. Nikasubiri mwili wangu ufanye yake. Na mwili wangu, jamani, ukaruka. Niliipindua hendeli, nikaingia majanini mzimamzima, nikapita juu ya usukani, nikaangukia mikono na mashavu. Lori likapita na upepo wake. Nilibaki nimelala, mdomo umejaa udongo, nikajisikia nasema kwa sauti, "Mama yangu! Mama yangu weee!" kama mtoto. Niliogopa. Niliogopa kufa, mimi.

Nikatoa simu. Alipokea hata haijaita vizuri.

"Umepatwa na nini?"

"Sijapatwa! Niko majanini. Lori limekuja nikakwepa, unanisikia? Nimekwepa mwenyewe! Nimeogopa, mama Breki. Nataka kuishi. Nimelisema, umelisikia? Nataka kuishi!" Nilikuwa nacheka na kulia, udongo unanitoka mdomoni. "Mwambie dereva akushushe stendi yoyote. Nageuza sasa hivi. Nitakaa mbele, nitakaa kando, nitakaa popote unapotaka."

Nilisikia injini ya basi, nilisikia mtoto wa mtu analia huko nyuma ya viti. Nilimsikia mke wangu anavuta pumzi, anashukuru Mungu kwa sauti ndogo, mara nyingi, anashukuru mpaka anakwama.

"Basi shuka," nikasema.

"Fundi," akasema. "Nimekaa mbele yako safari yote. Sikuwahi kukuona ukikwepa. Hata mara moja. Nimeondoka jana, na leo umekwepa."

"Siyo hivyo."

"Ni vipi?"

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye majani, simu imenibana sikioni. Gari jingine lilipita. Nilisogea bila hata kufikiri, nikajivuta ndani zaidi, na nina hakika alinisikia nikisogea.

"Endelea hivyohivyo, mume wangu," akasema. "Endelea kukwepa. Mimi sirudi kukuharibia." Kisha akakata simu.